Kundi la Arobaini na Moja

Machi 9, Jumatatu

Mvua zimeanza leo saa tano asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Daktari wa moyo hakunificha. Aliniambia nisipange mambo ya mwaka ujao, kisha akaona haya, akaanza kuyasifia macho yangu kwamba bado nasoma bila miwani. Nina miaka themanini na mbili. Sifa za macho nimezizoea. Nilichotoka nacho ni kwamba msimu huu wa mvua ndio nilio nao.

Kuna jambo ninalopaswa kumwambia mtu mmoja kabla sijaondoka. Kila nikifungua kinywa kulisema, najisikia nikiomba chai. Basi nitaliandika kwanza. Huenda likishazoea karatasi litakubali kutoka mdomoni.

Mtu huyo yuko chumba cha mbele sasa hivi, anashona sare za shule. Ni mke wa marehemu mwanangu. Mwanangu ana miaka minne kaburini na mkwe wangu angeweza kwenda zake, hakwenda. Cherehani ikinyamaza, najua anasikiliza kama bado napumua.

Machi 11

Mvua. Nimelala.

Machi 14, Jumamosi

Masjala ya hospitali wamepiga simu. Wanaziingiza kadi zangu kwenye kompyuta na wana swali dogo. Afisa atakuja.

Kadi zangu. Inabidi nieleze.

Miaka arobaini iliyopita, mwaka wa homa kubwa, hospitali yetu ilipokea wagonjwa kuliko vitanda vyake, na kila mgonjwa alifunguliwa jalada. Mwaka ule ulipokwisha tulikuwa na majalada elfu kumi na moja. Yalijaza vyumba viwili mpaka kuziba madirisha, na mganga mkuu akavitaka vile vyumba viwe wodi. Alinipa wiki tatu. "Chagua ya muhimu," akaniambia, "mengine choma." Nilikuwa mkuu wa masjala, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, na kiburi cha kazi nilikuwa nacho. Nikamjibu kwamba sichagui. Nitayabakiza yote, na vyumba atapata.

Nilikuwa nimeona jinsi yanavyofanana. Mgonjwa alifikishwa akiwa na homa, akalazwa, akapewa dawa ile ile, siku ya nne au ya tano akafariki, akazikwa makaburi ya hospitali. Kurasa sita, na ndani ya kurasa sita mtu mwenyewe alikuwa mistari mitatu. Nikayagawa kwa mamia. Katika kila mia nilichagua jalada moja lililoandikwa vizuri kupita mengine, nikaliacha zima. Hilo tuliliita mama. Yale tisini na tisa tukayageuza kuwa kadi za ukubwa wa kiganja, na kwenye kadi tuliandika tu pale mgonjwa alipotofautiana na mama. Jina, umri, kitanda, tarehe kama si ile ile. Palipolingana tuliacha wazi. Ukitaka kumsoma mtu, unashika kadi mkono mmoja na mama mkono wa pili. Kadi isipokuwa na neno, unasoma neno la mama.

Wenzangu walitaka kila kadi itegemee kadi iliyotangulia, zingekuwa fupi zaidi. Nikakataa. Ukifanya hivyo, kumpata mtu wa themanini lazima uwapitie sabini na tisa. Kadi zangu zote zilimtegemea mama moja kwa moja, na nilikuwa na daftari la namba: mgonjwa fulani, droo fulani, kundi fulani, kadi fulani. Mtu akija dirishani na namba, nilimwambia ahesabu mpaka sitini. Sikuwahi kufikishwa sitini. Ndipo wakaniita Bibi Dakika. Vyumba viwili vya karatasi vikaingia kwenye kabati nne, nikapewa barua ya pongezi, na yale majalada tukayachoma nyuma ya jiko la hospitali. Yaliwaka siku mbili.

Machi 17

Bati linavuja juu ya kabati la nguo. Mkwe wangu ameweka sufuria. Tone, tone. Simu haijapigwa tena.

Machi 20, Ijumaa

Fundi wa paa amekuja. Mwanamume wa miaka kama arobaini na mitano, mcheshi, anapanda ngazi huku akiitukana kwa upole. Alipigwa na mvua akashuka kunywa chai, akaketi na mkwe wangu mlangoni mwa chumba changu. Ghafla mvua ikakatika, kama mtu aliyefunga bomba.

"Imeacha, mzee," fundi akasema, akiangalia juu.

"Unaongea na nani?" mkwe wangu akamuuliza.

"Na baba yangu. Usinicheke, dada. Alikufa mwaka wa homa, mimi mdogo. Hospitalini walitusomea mambo yake ya mwisho. Aliomba maji, akauliza kama mvua imeacha, akafa hajajibiwa. Sasa kwetu mvua ikikatika lazima mmoja amjibu, la sivyo mama alikuwa hali chakula."

Mkwe wangu aliweka kikombe chini.

"Mama yangu pia," akasema. "Maji, kisha mvua. Maneno hayo hayo. Mimi humwekea glasi ya maji dirishani."

Wakaangaliana. Sijaona watu wawili wakifurahi namna ile juu ya vifo.

"Basi walilala pamoja!" fundi akasema. "Labda mmoja alimsikia mwenzake."

"Lakini mama yangu alikuwa wodi ya wanawake."

"Mwaka ule watu walilala popote, dada. Basi sisi ni ndugu. Ongeza sukari."

Nilivuta shuka mpaka kidevuni. Mkwe wangu aliingia akaniuliza kama nasikia baridi. Nikaomba chai.

Machi 21

Maneno yale ni ya mama wa kundi la arobaini na moja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, karani wa posta. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa na mkono mzuri wa kuandika, na ndiyo sababu nililichagua jalada lile. Nalijua kwa moyo: Saa tisa alasiri aliomba maji. Aliuliza kama mvua imeacha. Alifariki kabla sijarudi na kikombe. Amezikwa safu ya tisa.

Miaka kumi na sita zaidi nilikaa masjala, na hakuna aliyewahi kuja kumuulizia yeye.

Machi 27, Ijumaa

Mkwe wangu amesogeza kitanda changu dirishani ili nione mtaa. Ng'ambo kuna jengo la ghorofa tatu, madirisha yote yanatazama kwetu. Mvua imepiga tangu asubuhi, ikaacha saa kumi kasoro. Nilisikia mkwe wangu chumba cha mbele akisema "Imeacha, mama," na glasi ikigusa ukingo wa dirisha.

Kisha ng'ambo, ghorofa ya pili, dirisha likafunguliwa na mkono ukaweka kikombe cha bati. Ghorofa ya kwanza, mzee mmoja akaweka bilauri. Juu kabisa, sikuona mtu, niliona pazia likisogea na kikombe kikabaki. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Vikombe vitatu, na glasi ya kwetu ya nne.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote aweke maji. Mimi nilisoma tu. Wamefika huko kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu sentensi ilimwacha mtu ana kiu na swali. Nimekaa nikitazama vile vyombo mpaka mvua iliporudi na kuanza kuvijaza.

Machi 30

Kifua kibaya. Sikuandika kitu.

Aprili 2, Alhamisi

Afisa wa masjala amekuja, mtu mzima mwenye upara na mkoba uliolowa.

"Shikamoo, Bibi Dakika."

"Marahaba. Bado mnaniita hivyo?"

"Droo zenyewe zina jina lako, bibi. Sasa, kompyuta haipendi uwazi. Ikikuta nafasi tupu inauliza. Niiambie nini? Sawa na mama, au haijulikani?"

"Ofisini mnasemaje?"

"Tunabishana tu. Mimi nasema sawa na mama, ndivyo ulivyofundisha. Ila kuna kundi la arobaini na moja." Akacheka kidogo, akajipangusa kichwa. "Lina kadi ishirini na saba ambazo hazina neno lolote la mwisho. Ukizisoma kwa mtindo wako, watu ishirini na saba, mbali na mama mwenyewe, wamekufa siku moja, saa tisa alasiri, wote wanaomba maji. Hata kompyuta imeshangaa."



"Ni bahati mbaya tu, eti bibi? Saini hapa kwamba wazi maana yake ni sawa na mama, tufunge kazi. Ikishaingia imeingia, hakuna atakayeifungua tena."

Nilimwambia aache karatasi, mkono unatetemeka leo. Mkono haukuwa unatetemeka.

Aprili 3

Kundi la arobaini na moja nililiandika mwenyewe, siku ya mwisho ya zile wiki tatu, wapiga chapa wangu wakiwa wamechoka. Lilikuwa la wiki ambayo wagonjwa walihamishiwa kwenye mahema na wauguzi wakaacha kuandika. Majalada mengi ya kundi lile hayakuwa na ukurasa wa mwisho. Mtu aliingia, akalazwa, kisha hakuna. Nami palipokuwa hakuna kitu niliacha wazi, kama palipolingana na mama. Nilikuwa nimetengeneza alama ya kila jambo isipokuwa kutojua. Kwa mtindo wangu, asiyejulikana alikufa kifo cha karani wa posta.

Niligundua miezi miwili baadaye. Mfyatua matofali mmoja alikuja dirishani akitaka karatasi ya kumwonyesha tajiri wake kwamba kweli aliugua. Nikavuta kadi yake, nikavuta mama, nikaanza kumsomea. Alicheka mpaka akashika nondo za dirisha.

"Dada, nilizikwa safu ya tisa? Mbona niliondoka kwa miguu yangu?"

Nikacheka naye. Nikamwandikia kadi mpya. Alipokwenda nilitoa trei nzima nikaikagua: zilibaki ishirini na saba za namna ile. Majivu ya majalada yalikuwa yameshatupwa. Ningeweza kuandika neno "haijulikani" kwenye kila kadi, kazi ya nusu saa. Lakini barua ya pongezi ilikuwa na wiki moja ukutani, na mganga mkuu alikuwa akiwaleta wageni kuona kabati zangu. Nikafunga droo.

Halafu watu walianza kuja. Mtu akisimama dirishani na namba mkononi hataki kuambiwa haijulikani. Anataka mwisho. Mimi nilikuwa nao, tena mzuri. Familia kumi na tisa nimezisomea, na nilisoma kwa sauti ya chini, polepole, nikisimama kidogo kabla ya kikombe.

Aprili 6

Mvua ya mawe. Hakuna vikombe ng'ambo, labda wanaogopa vitapasuka.

Aprili 9, Alhamisi

Mkwe wangu alikuwa wa kumi na tano kusomewa. Msichana wa miaka kumi na tisa, amevaa viatu vya kuazima, unaona kwa jinsi anavyotembea. Alikuwa na miaka sita mama yake alipochukuliwa kwenda hospitali, na shangazi aliyemlea hakutaka habari zaidi. Nilimsomea. Alilia, akanishika mkono kupitia dirishani, akasema, "Ahsante, umenirudishia mama yangu." Mwanangu alikuwa ameniletea chakula cha mchana. Alimwona pale, akamsindikiza mpaka getini, na hakurudi kuchukua vyombo.

Walipokuja kuniambia wanataka kuoana nilicheza. Kweli nilicheza, shahidi ni goti langu.

Aprili 12

Leo nilimwita. Alikuja na sindano mdomoni. Nikaomba chai.

Aprili 15, Jumatano

Nimemwambia.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limetoka kidogo. Karatasi ya afisa ilikuwa juu ya meza na nimechoka kuiona.

"Mwanangu, acha cherehani uje."

"Unaumwa?"

"Hapana. Kaa."

Nilimweleza kuanzia vyumba viwili mpaka mfyatua matofali. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri kichekesho kifike mwisho ili ajue wapi pa kucheka. Nilipomaliza alikaa akitazama miguu yangu.

"Kwa hiyo hakuuliza kama mvua imeacha."

"Sijui."

"Na maji hakuomba."

"Sijui, mwanangu. Ni mwingine aliyeomba."

"Na kaburi? Mimi nimepalilia lile kaburi miaka ishirini na saba, mama."

"Safu ya tisa ni ya yule mwingine."



"Kadi yake ilisema nini? Hiyo yake yeye."

"Jina. Umri, thelathini na moja. Kitanda."

"Na?"

"Basi."

"Basi? Mama yangu hakuwa tofauti na watu kwa lolote?"

"Alikuwa tofauti. Mimi ndiye sikuandika."

Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mlipokuja kwetu kuleta posa, ulijua."

"Nilijua."

"Nilipojifungua yule aliyekufa, nikawa nalia namtaka mama, wewe ukanikumbatia ukaniambia ananiona. Ulijua."

"Nilijua."

"Mwanao je?"

"Hakujua. Yeye usimguse."

"Simgusi." Akaketi tena. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kama anavyohesabu mishono ya kola. Nilidhani anahesabu miaka niliyonyamaza. Kisha akaniinulia uso, na uso wenyewe ulikuwa wa mtoto.

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Nani?"

"Mama."

Akarudi kwenye vidole vyake.

"Sabini na moja," akasema. "Sabini na moja si mingi. Wewe una themanini na mbili na uko hapa."

Aprili 16

Chakula nimeletewa. Cherehani haijalia. Hajaniita mama.

Aprili 19, Jumapili

Afisa alikuja amevaa nguo za nyumbani. Nilikuwa nimefuta maneno yake kwenye karatasi nikaandika yangu: Nafasi ikiwa wazi katika kundi la arobaini na moja, maana yake haijulikani, na waliosomewa vinginevyo walisomewa uongo na mimi.

Aliisoma mara mbili.

"Bibi, hii ikitoka watu watakuja kuuliza."

"Waje."

"Na hiyo sifa yako yote, jina kwenye droo?"

"Bandueni."

Aliikunja karatasi kwa adabu sana. Mlangoni aliniuliza kama nina wasiwasi na makundi mengine. Nikamwambia mengine niliyagawa kwa wapiga chapa wangu, na wao walikuwa makini kuliko mimi. Natumaini ni kweli. Jua limeshazama na bado nalifikiria swali lake.

Aprili 23

Fundi wa paa alirudi kuziba tundu la pili. Mkwe wangu alimweleza akiwa katikati ya ngazi.  Fundi akaendelea kupanda. Mvua ya rasharasha ilipokoma nikamsikia huko juu, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, kama anayembishia mtu: "Imeacha, mzee!" Alishuka akakusanya vifaa. Hakuniaga na sikutegemea.

Aprili 25

Ametoa glasi dirishani na kuirudisha kabatini, pamoja na nyingine. Ng'ambo bado wanaweka.

Mei 1, Ijumaa

Jana aliondoka asubuhi, amevaa gauni zuri. Alirudi alasiri, akaketi kitandani kwangu na viatu vyake vyenye matope, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nimekwenda makao ya wazee," akasema. "Kule wanakopeleka wasio na watu."

"Kuna nini?"

"Kuna wanawake kumi na wanne. Wengi hawajui walitoka wapi. Nimekaa na kila mmoja, nikamuuliza ana mtoto gani, anaitwa nani." Alikuwa anavua viatu polepole. "Watatu wamelitaja jina langu."



"Wewe hukulitaja kwanza?"

Alifikiri kwa uaminifu, namwona bado akifikiri.

"Sikumbuki."

"Wanafanana na mama yako?"

"Wanafanana wenyewe kwa wenyewe. Wote wamepakwa mafuta yale yale, wamenyolewa siku moja, wamevishwa magauni ya kijani. Mmoja amenishika shavu akaniambia nimechelewa. Wa pili amenisimulia nilivyozaliwa. Wa tatu alilia tu." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa unafanya kazi hii. Nitamtambuaje?"

Nilimwambia hili tu ninalolijua: asiwasikilize pale wanapolingana. Akae na kila mmoja peke yake mpaka aseme jambo ambalo wale wawili hawawezi kulisema.

"Na kama hakuna hata mmoja?"

"Sijui, mwanangu."

"Na kama wanasema ili nirudi tu?"



Mei 3

Moyo umeruka mara mbili asubuhi. Mkwe wangu hajarudi bado kutoka makao.

Mei 6, Jumatano

Mvua zimepungua. Leo ameniogesha haraka, nusu ya mgongo haikuguswa na maji, na povu limekaukia nyuma ya sikio. Nikamwambia. Akaniangalia, na alipojibu aliniita mama, lakini vile mtu anavyomwita mwanamke yeyote mzee njiani.

"Utanisamehe, mama. Nina wengine watatu wa kuogesha kabla ya saa sita."